Matope ya Lori la Uvira

Masumbuko aliporudi kutoka kazini katika mji wa Jeffersontown, ughaibuni, alikuta lori lake limeguswa. Lilikuwa lori la plastiki, refu kama kiganja, aliloliunganisha miezi minne kwa kibano na gundi, mfano wa lile baba yake aliloendesha Uvira. Kesho yake lilikuwa linaenda mji wa Columbus kwenye shindano la mifano ya magari, na sasa matope yote yalikuwa yametoweka. Matope hayo aliyatengeneza mwenyewe kwa udongo na gundi, akayapaka wiki nzima.

Akamshuku Zéphyrin, binamu waliyekaa naye, maana huyo kutwa kumcheka.

"Zéphyrin, umefanya nini gari yangu?"

"Mimi? Grand, kaka yangu, nicheze na vitu vya watoto?"

Masumbuko akamsogelea, akamnusa vidole. "Mbona unacheka?"

"Juu unaninusa sawa imbwa ya polisi!"

Masumbuko akalinusa lori. Sabuni ya vyombo. Akageuka polepole kumwangalia mama yake, Généreuse, aliyekuwa anakaanga ndagala, dagaa wa kwao, bila kuinua macho.

"Mama?"

"Bon, niliisafisha. Tena na mswaki. Baba yako hakukuwa anaingiza gari chafu mu muji, hata siku moja. Utaipeleka mbele ya watu vile?"

"Mama, ile uchafu ndiyo kazi yenyewe! Ndiyo wanapatia pointi!"

Mama akazima jiko, akamtazama kama anayeuziwa samaki wa juzi.

"Wanapima uchafu? Donc, hao watu wa Columbus unawajua vizuri?"

Masumbuko alichukua kijiko, akatoka nje kuchimba udongo mwingine wa kulipaka usiku huo, na mama akamfuata mpaka mlangoni asiamini, aone kama anachimba kweli.