Fundi wa Mikanda, Miembeni

"Mkanda wa video ukinishinda, mnizike nao!" alijigamba fundi wa Miembeni mbele ya watu waliokuwa wakitoka misani. Kila mkanda huunusa kwanza, kisha huusafisha kwa pamba na spiriti huku akiubembeleza kwa Kihaya. Siku moja mteja wake Vestina alimletea mkanda wa harusi yake. Ulibeba sauti pekee iliyobaki ya marehemu mama yake, naye aliutunza darini jikoni, kwenye moshi, mchwa wasiufikie.

"Mama, huu ni mkanda au samaki wa kubanika?" fundi akamfokea Vestina, huku anafuta, kisha akautia kwenye deki. Ghafla marehemu akatokea kwenye runinga, mdomo umejaa ebitoke, ndizi zetu za kupika, akimkaripia mpiga video: "We kijana, karekodi maharusi, niache nile!" Vestina akacheka mpaka machozi. Fundi akafungulia sauti hadi mtaa wa pili. Kwake, kuhamishia mkanda kwenye fleshi ni shilingi elfu kumi.