Mimi ndiye mliyemsema "huyu haigizi" kwenye ile filamu ya bweni

Wakuu, poleni na kazi za kutwa. Nipisheni kidogo na mimi nikae. Nitakayosema yamenikuta mwenyewe, hapa hapa Malindi, na anayetaka kubisha abishe, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Nimeusoma ule uzi wenu wa kujadili filamu ya wasichana wa bweni wanaocheza na kioo mpaka mmoja wao anapandwa na pepo.

Nimeusoma wote. Mmoja kasema haitishi hata kidogo, ni ya watoto. Mwingine kasema dada yake analala na taa mpaka leo. Kuna aliyelalamika kwamba wasichana wa Form Three hawaongei Kiingereza cha vile, na hapo nakubaliana naye. Na kuna aliyeapa kwamba yale macho mekundu ni lenzi.

Ndugu yangu, macho ni yangu. Tulikuwa tunarekodi tangu alfajiri na darasa zima limejaa moshi wa ubani. Hata yako yangekuwa mekundu.

Maana huyo aliyepandisha pepo ni mimi.

Komenti mliyoipenda kuliko zote ni ile ya maneno mawili: "Huyu haigizi." Najua mlikuwa mnanisifu, na nashukuru kwa dhati. Lakini maneno hayo hayo ndiyo yaliyonitoa kwenye mkeka wa nyumba ninayoishi. Hilo ndilo limenileta.

Mnijue kwanza. Naitwa Kadzo, kwetu ni Ganda. Mama alishafariki, ndugu zangu kila mmoja kashika njia yake, na ile nyumba yetu paa limeshaingia ndani. Mimi nafanya usafi kwenye nyumba moja ya wageni mjini, na nimepanga chumba Shella kwa mama mmoja wa Kiswahili, Bi Zuhura. Mumewe alitangulia zamani, anaishi na bintiye Salma, ambaye ni rika langu.

Mimi Mkristo, wao Waislamu, na hilo halijawahi kuwa neno.

Bi Zuhura hakubali mpangaji ale peke yake. Siku ya kwanza alinikuta nakula mkate kitandani, akaniuliza kama naumwa. Tangu siku hiyo, baada ya magharibi, mkeka unatandikwa uani, sinia moja katikati, sote watatu tunazunguka. Mtu ambaye hajawahi kuishi peke yake hawezi kujua nilivyokuwa nikilisubiri lile sinia kutwa nzima.

Sasa filamu.

Alikuja kijana mmoja kutoka Nairobi, dairekta, anatafuta wasichana. Mimi ni mwili mdogo, nikivaa yunifomu napita kama mwanafunzi, basi akanichukua. Tukarekodi kwenye shule iliyokuwa imefungwa likizo.

Ilipofika sehemu ya pepo kupanda, akataka nitambae ukutani na kuzungusha shingo. Nikamwambia pepo wa kwetu hatambai ukutani. Akasema haya, tuonyeshe.

Basi nikafanya kama shangazi yangu, niliyekuwa nikimwona akipandisha nilipokuwa mdogo. Huanza na miayo. Miayo tu, kama mtu mwenye usingizi. Halafu mabega, halafu inakuja sauti nzito ambayo si yake. Nilipomaliza, mshika kamera alikuwa amesogea nyuma mpaka ukutani. Dairekta akasema turudie, na mimi nikajiona nimefika.

Hapa niwaeleze kidogo wale ambao si wa pwani. Pepo akipanda, huulizwa. Wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Atasema anataka pete, au kanga nyekundu, au marashi, au apigiwe ngoma. Anachotaka hupewa, ndipo anatulia au anakwenda zake. Uamini usiamini, utaratibu ndio huo, hata sisi wa kanisani tunaujua. Kumwacha bila kumuuliza ni kama kumwita mgeni halafu ukamfungia sebuleni.

Na sisi tulimuuliza. Tulirekodi ngoma, shuka la kunifunika, maswali, kila kitu. Dairekta akaenda Nairobi akaikata sehemu yote hiyo. Filamu ikaishia pale uso wangu unapotabasamu kwenye kioo.

Siku ya kuonyesha ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, ukumbini mjini. Nikawachukua Bi Zuhura na Salma, nikawakalisha mbele. Nilikuwa na furaha ya kitoto, niseme ukweli.

Mwanzoni watu walikuwa wanacheka. Ilipoanza ile miayo, vicheko vikakatika. Mama mmoja nyuma yetu akasema taratibu, huyu haigizi. Mwingine akaanza kuomba msamaha kwa Mungu. Nikafikiri nimefaulu.

Taa zikawashwa. Hakuna aliyeinuka, watu wameketi tu wanangoja. Mwisho bwana mmoja wa makamo akasimama akamuuliza dairekta mbona pepo hajaulizwa.

Dairekta akacheka. Akasema ametaka mtazamaji aondoke na hofu, na yatakayofuata yatakuwa kwenye part two.

Yule bwana akamuuliza: "Na mpaka hiyo part two, huyo pepo atakaa wapi?"

Ukumbi mzima ukageuka ukanitazama mimi.

Kesho yake dairekta alirudi Nairobi, filamu kashaiweka mtandaoni. Hofu aliyotaka watu waondoke nayo waliondoka nayo kweli, ila yeye haishi nayo nyumba moja.

Siku ile tulirudi kwa miguu. Kwa kawaida Bi Zuhura hunishika mkono kwa sababu ya magoti yake. Safari hii alimshika Salma, tena Salma akiwa katikati yetu.

Jioni iliyofuata nimetoka kazini, nimenawa, nimekwenda uani. Hakuna mkeka. Mlangoni kwangu pana sahani imefunikwa kawa.

Chakula kizuri, wakuu. Minofu mitupu. Sijawahi kupewa chakula kizuri vile katika nyumba ile. Nawasikia wenzangu wanakula ndani, wanazungumza chinichini. Mimi kitandani, sahani mapajani, simu mkononi, nasoma komenti zenu. Huyu binti haigizi. Huyu apewe tuzo. Nyinyi mlikuwa wengi mno mle ndani ya simu, na chumbani sikuwa na wa kumwambia hata chumvi imezidi.

Ikawa hivyo kila jioni. Majirani wananisalimu wakiwa wameshapita. Mama wa mbaazi na mahamri ananiwekea changu pembeni nikachukue mwenyewe, asinipe mkononi.

Nikamwendea Salma. Nikamwambia wewe unanijua, yale ni maigizo tu.

Salma ana moyo mzuri, akanijibu bila ukali. "Mimi najua, Kadzo. Lakini mama anasema umemwita pepo kwa sauti yake. Na aliyeitwa hajui kama ni mchezo."

Nikampigia dairekta, nikamwomba anitumie kile kipande alichokikata nikawaonyeshe watu wa nyumbani. Akaniambia nifurahi, watu wote wananizungumzia. Hakutuma.

Hapo nikakata tamaa. Nikaanza kukunja nguo. Ganda sina wa kumwendea, lakini niliona bora nikae peke yangu mahali ambapo hakuna mtu, kuliko mahali ambapo watu wapo.

Siku hiyo nilikuwa sina kazi. Mchana, begi liko wazi kitandani, mlango ukafunguliwa. Bi Zuhura kaingia na chetezo kinafuka ubani. Salma yuko nyuma yake, kakumbatia chupa ya marashi.

Hakuniita Kadzo. Alitazama juu kidogo ya kichwa changu, akasema:

"Wewe uliyekaa kwa mtoto huyu. Mimi mwanamke wa peke yangu, sina ugomvi nawe. Sema unataka nini."

Wakuu, nilitaka kucheka. Nilitaka kumwambia Bi Zuhura, ni mimi. Lakini siku zote zile hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameniuliza hilo swali. Machozi yakanitoka kabla sijapata jibu.

Nikasema kwa sauti yangu hii hii, "Nataka kula na nyinyi."

Akaniuliza, "Si pete?"

"Sitaki pete."

"Wala kanga?"

"Nataka kula na nyinyi. Sinia moja."

Akamtazama Salma. Salma akatazama chini. Na mnajua utaratibu, anachokitaka pepo hupewa. Hana pa kukwepea.

Jioni ile mkeka ukatandikwa. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, maji ya kunawa nimemiminiwa na Bi Zuhura mwenyewe. Nikinyoosha mkono upande wowote wa sinia, wao wanaondoa yao. Kipande kizuri kinasogezwa kwangu.

Nitawaambia kitu ambacho sikukitarajia. Pale mkekani nilijiona mpweke kuliko chumbani. Walikuwa wanakula na mwingine, mimi nimemshikia nafasi tu. Siku kadhaa tukala hivyo, kwa adabu zote, na mimi nikawa nalala nimeshiba na nimenuna.

Halafu jioni moja nimetoka kazini na njaa kali, nimefua mashuka kutwa. Upande wa Salma kulikuwa na kipande cha samaki kimekaangwa vizuri. Nikanyoosha mkono kukivuta.

Bi Zuhura akanipiga kofi mkononi.

"Kula mbele yako, Kadzo. Hukufunzwa kwenu?"

Kisha yeye mwenyewe akabaki na tonge hewani. Salma akaacha kutafuna.

Kwa asiyejua, kwenye sinia kila mtu hula upande wake. Lakini mgeni haambiwi hivyo, hata akosee vipi. Pepo ndiyo kabisa. Anayeambiwa hivyo ni mtoto wa nyumbani.

Nikarudisha mkono, nikala mbele yangu, nimeinamisha uso wasinione. Bi Zuhura akakohoa kidogo, akaanza kulalamika kwamba nazi za siku hizi hazina tui.

Begi nimeshalitoa vitu.

Nilichojifunza ni hiki. Nyinyi wa kutoa maoni, endeleeni, sifa zenu nazitaka bado. Ila mjue anayewatisha kwenye skrini ana nyumba anayorudi, na watu wa nyumba hiyo nao wana maoni. Na ukimwona mtu amejifungia na sahani yake, muulize anataka nini. Muulize akiwa bado mtu, usingoje mpaka umdhanie pepo.

Dairekta kanipigia juzi kuhusu part two. Nimemwambia nitakuja iwapo tutaanza kwa kumuuliza pepo, na mara hii asikate. Kasema atafikiria.

Sasa nisaidieni. Bi Zuhura sijamwambia mpaka leo kwamba aliyemjibu mchana ule ni mimi. Salma nadhani anajua, maana siku hizi akinipitishia chumvi ananikonyeza. Nimwambie mama wa watu, au nimwache aamini pepo alimtoa yeye mwenyewe? Semeni kwa uwazi, hata mkinitukana nitasoma. Ila nitasoma baadaye, naitwa uani.