Mlango wa Nyuma wa Zahanati

Kila ninaposimulia habari ya macho ya mama yangu, kuna mtu hunikatiza katikati na kuuliza kwa huruma, "Kwa hiyo akapofuka?" Hakupofuka. Nalitanguliza hilo ili msomaji asihangaike bure. Kilichobaki ni habari ya ujinga wangu mimi, na siku hizi naweza kuieleza bila kuona haya kwa sababu mambo yaliisha salama.

Tulikaa kwenye skimu ya makazi, juu kwenye vilima vya Shimba, ambako wazazi wetu walipata mashamba walipohama kutoka Ukambani. Majirani zetu wengi walikuwa Wakamba wenzetu. Ukiteremka kidogo unawakuta Wadigo na Waduruma. Mimi nilirudi nyumbani mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya hoteli moja ya Diani, ambako nilikuwa nafua mashuka, kupunguza wafanyakazi. Nilirudi na begi moja na maneno mengi. Nilijiona mtu aliyetembea, na sikukosa ushauri wa kumpa yeyote aliyesimama karibu nami.

Ugonjwa wa Mama niliugundua kwa meno. Siku ya pili nyumbani nilitafuna jiwe kwenye ndengu. Siku ya tatu nikatafuna jingine. Mama niliyemjua alikuwa akichambua ndengu huku anagombana na mtu aliye ng'ambo ya ua, na jiwe halimpiti. Sasa alizipapasa kwa vidole, uso ameuelekeza mlangoni. Nilipomsogeza kwenye mwanga niliona weupe katikati ya macho yote mawili, kama tone la maziwa. Ulikuwa mtoto wa jicho, na ulikuwa umekomaa huku sisi watoto wake tukijitafutia maisha.

Matibabu yalikuwepo, lakini yalikuwa Msambweni. Mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeila barabara yetu, na mzee asiyeona huwezi kumpakia kwenye baiskeli umteremshe makorongo yale. Wengi walikaa tu nyumbani wakingoja giza. Jambo hilo lilinikera sana. Kamati ya zahanati yetu ilikuwa imenichagua kuwa katibu, nadhani kwa sababu nilikuwa na kalamu na sikuwa na kazi, nami nikaandika barua baada ya barua kuomba daktari wa macho apande huku kwetu badala ya vipofu kuteremka kwake. Hatimaye tukakubaliwa. Daktari na muuguzi wangekuja mara moja kwa mwezi, kwa miezi minne. Wenye kuhitaji upasuaji wangeandikwa, kisha wapangiwe siku ya kupelekwa hospitali.

Walitaka kitu kimoja kutoka kwetu: mtu wa hapa hapa anayejua Kikamba, Kidigo na Kiswahili, akae mlangoni, aandike majina, awashike wagonjwa kichwa, awafunike jicho moja baada ya jingine na kuwaonyesha ile kadi kubwa ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Nikampendekeza shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mwenye hati nzuri. Kamati ikapiga makofi. Nilifika nyumbani nimevimba kichwa.

"Mama," nikasema, "mambo yamenyooka. Pale mlangoni yuko mtu wetu. Wewe hutapanga foleni hata dakika moja."

"Ahaa," akasema Mama.

Nilidhani ile ahaa ni ya furaha.

Mwezi wa kwanza, siku ya daktari, Mama alisema mbuzi yuko karibu kuzaa na hawezi kumwacha. Mbuzi alizaa wiki tatu baadaye. Mwezi wa pili alisema kichwa kinamgonga. Nilimwambia kichwa kinamgonga kwa sababu ya hayo macho, akanijibu kwamba macho yake hayana neno, na kwamba mimi ndiye ninayemgonga kichwa. Tukagombana hasa. Wiki hiyo hiyo alinyoosha mkono kuchukua mwiko akashika sufuria lenyewe, ngozi ya kiganja ikatoka. Nilipomfunga kitambaa nilikuwa nalia kwa hasira. Ziara zilikuwa zimebaki mbili, na baada ya hapo macho ya mama yangu yangekwenda hivyo hivyo, mimi nikitazama.

Si yeye peke yake aliyekuwa anakwepa. Kwenye daftari la shemeji wanawake wazee walikuwa wachache mno, na kwenye kikao cha kamati nilisimama nikahutubia juu ya ujinga wa watu wetu, kwamba huduma imewafuata hadi mlangoni nao wanaikimbia. Nilisema maneno mengi siku hiyo. Natamani ningeyasahau.

Mwezi wa tatu sikuuliza. Nilimvalisha leso safi, nikamshika mkono, nikampeleka. Alikuja kimya kimya, na ukimya ule ungenifungua macho kama ningekuwa na akili. Tuliketi kwenye benchi, tukasogea, tukasogea. Tulipobakiza watu wanne, sauti ya shemeji ikasikika mlangoni ikimwita mgonjwa aliyefuata. Mama akashtuka, akajifunika leso kichwa chote mpaka kidevuni, akainuka na kuondoka. Alikwenda mbio, mama asiyeona, moja kwa moja kwenye ua wa michongoma, akageuka, akatumbukia kwenye mfereji wa maji ya mvua. Nilipiga ukelele. Nilipotazama mlangoni kuomba msaada, nilimwona shemeji amegeukia ukuta, daftari limeanguka miguuni pake, na mabega yamemshuka.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilitamani ule mfereji unimeze na mimi.

Kwetu jambo hilo linaitwa nthoni. Mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawagusani, hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Shemeji alipokuja kututembelea alianza kukohoa akiwa bado kwenye migomba, ili Mama apate nafasi ya kuingia jikoni. Mimi nimekulia ndani ya desturi hiyo, hakuna aliyenificha. Ila kichwani mwangu nthoni ilikuwa ya nyumbani, na zahanati ilikuwa ya serikali, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu huingia zahanati na ukwe wake. Nilikuwa nimechukua mwanamume mmoja, kati ya wote wa skimu, ambaye hakuruhusiwa kumshika mama yangu uso, nikamweka kwenye mlango mmoja tu uliokuwepo. Halafu nikajisifu.

Tulimtoa Mama mferejini akiwa mzima, amechubuka goti tu. Nilimkalisha nyuma ya jengo, nikapiga magoti mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nimseme mkwe wangu?" Alikuwa bado amejifunika. "Wangemwondoa pale kwa ajili yangu, aaibike mbele za watu. Mume wa mwanangu. Heri macho yaende."

Muuguzi alikuwa ametufuata na maji ya kuoshea goti. Alikuwa mama wa Kidigo, mtu mzima, asiye na haraka.

"Shikamoo, mama yangu," akamwambia Mama.

"Marahaba."

Akalisafisha goti taratibu mpaka akamaliza, ndipo akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe ndiwe uliyemweka mwalimu pale?"

"Ndiyo. Nilidhani nasaidia."

"Umesaidia, mwalimu anafanya kazi nzuri sana, alhamdulillahi. Lakini hata sisi kwetu, mkwe hakushiki kichwa akakufunua jicho. Hawa wazee wengine waliogeukia njiani miezi yote hii, uliwauliza wanamwonea haya nani?"

"Sikuuliza."

"Basi. Na hii nyumba ina mlango mmoja tu?"

Nikasema mmoja. Akanyoosha kidole juu ya bega langu. Nyuma yangu palikuwa na mlango wa stoo, niliouona kila siku nilipokwenda kufagia, umezibwa kwa magunia, majembe na vitanda viwili vibovu.

Siku mbili baadaye shemeji alikuja kuniona zahanati kukiwa na watu, kama mtu anayeleta habari rasmi. Alitaka kujiuzulu. Alisema mwezi wa kwanza alimwona Mama kwa mbali akifika kwenye kona na kurudi, na tangu hapo hakulala vizuri, ila aliona aibu kunitamkia jina la mkwe wake. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa sijazoea kuomba msamaha, na nilifanya vibaya, lakini alinipokea. Kisha yeye mwenyewe akawa wa kwanza kushika gunia. Tulitoa vyote, tukafagia, tukaupaka mlango rangi iliyobaki kwenye ofisi yake ya shuleni. Tukafanya kadi ya pili ya zile E kwa katoni. Mbele angebaki yeye, nyuma ningekaa mimi, na daktari angeketi chumba cha katikati akipokea pande zote mbili. Majina hatungeyaita tena kwa sauti. Kila mtu angepewa kibao chenye namba, aguswe bega zamu yake ikifika.

Tangazo tulilitoa kanisani na msikitini na kwenye baraza ya naibu wa chifu: asiyetaka kuonana na mtu fulani apite nyuma, na haulizwi ni nani wala kwa nini. Mwenyekiti wa kamati aliona huko ni kuwadekeza watu. Nilimwambia tuwadekeze mwezi mmoja tuone. Nilikuwa nimepunguza maneno, lakini hayakuwa yamekwisha.

Mwezi wa nne, ziara ya mwisho, nilifungua ule mlango nikakuta watu wamekwisha kufika. Kulikuwa na akina mama kadhaa wa Kikamba, kila mmoja ameelekea upande wake. Kulikuwa na bibi wa Kiduruma ambaye baba mkwe wa bintiye alikuwa foleni ya mbele. Kulikuwa na mzee mmoja asiye na mkwe yeyote pale, ila alikuwa na kesi ya mpaka na mwenyekiti wetu, na alikuwa ameapa kutopita mbele yake mpaka kaburini. Nilimfunika jicho nikamwonyesha kadi, akatabasamu. Mimi nilikuwa nimewaita watu hawa wajinga, kwenye kikao, na kumbukumbu nikaziandika kwa mkono wangu.

Mama hakuwemo. Asubuhi nilikuwa nimeondoka bila kumsihi, kwa sababu kumsihi kulikuwa kumeshindwa. Foleni ikapungua. Daktari akaanza kutazama saa, dereva wake akafungua mlango wa gari ili joto litoke. Mikono ilinitetemeka hata kadi ikawa inacheza, na mgonjwa mmoja aliniambia kwa upole kwamba yeye anaona vizuri, kadi ndiyo isiyotulia.

Ndipo shemeji akakohoa kule mbele. Alikohoa mara tatu, kwa nguvu, kikohozi kile cha migombani, kisha nikasikia mlango wa mbele ukifungwa na komeo kupita. Nilichungulia nje. Mama alikuwa anakuja kwa njia ya nyuma, ameshikwa mkono na jirani, na aliposikia mahali kikohozi kilipotokea alinyoosha mgongo, akafunua uso na kuingia. Sijawahi kufurahia kikohozi cha mtu kama siku ile.

Kadi hakuiona hata mstari mmoja. Daktari alimulika tochi na kusema macho yote mawili yako tayari kwa upasuaji, na kwamba amefika siku ambayo bado kuna nafasi. Niliandika jina la mama yangu kwenye orodha, nikatoka nje nikalia kwa raha zangu.

Gari la kumpeleka lilipatikana kwa shemeji. Aliongea na mwenye lori la machungwa, ambalo halikuyaogopa makorongo yale. Mama akaketi mbele na dereva, mimi katikati, na shemeji akapanda nyuma juu ya magunia, na hivyo wakwe wawili wakateremka hadi Msambweni kwa gari moja bila kuonana.

Walifanya jicho moja kwanza. Kesho yake wakatoa bendeji. Mama alipepesa, machozi yakamtoka kwa mwanga, akanitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kugusa moyo.

"Nywele hujachana," akasema.

Tulipotoka wodini ilikuwa mapema, na watu walijaa uani. Tulisimama kwenye kivuli cha baraza ili jicho lizoee. Mbali kule, karibu na lango, shemeji alikuwa akitungoja. Alikuwa ametugeuzia mgongo, ametazama barabarani, kama inavyotakiwa. Mama alinishika mkono.

"Yule mwenye shati la kijani. Ni yeye?"

"Ndiye."

"Kumbe ana mvi." Yeye alimjua kijana wa siku ya posa tu, aliyemchungulia mara moja kabla hajajifunika leso. "Kola yake imefumuka, hapo nyuma. Mwambie mdogo wako aishone. Mtu anaheshimika, asitembee hivyo."

Nilitazama. Kutoka pale niliona shati na kichwa tu. Nikamwacha Mama kwenye benchi, nikauvuka uwanja wote mpaka nikasimama nyuma ya shemeji, na kweli, mshono wa kola ulikuwa umeachia upana wa kidole.

"Shemeji," nikasema, "kola yako imefumuka."

Hakugeuka. "Nani kasema?"

"Mkweo. Kutoka kule barazani."

Akapeleka mkono shingoni, akaupapasa ule mshono, akaushikilia, na machozi yakaanza kumtiririka huku anacheka.