Waya Benta na Kishikio cha Presha

Shangazi yangu Benta, ambaye mimi namwita Waya kama Waluo wengine wanavyowaita shangazi zao, anaweza kusikia filta ikichoka. Si utani. Anainamisha sikio, anasikiliza matone yakianguka chupani, kisha anasema, "Huyu amebakisha dakika kumi." Na kweli, dakika kumi zikipita, matone yanakatika.

Huu ni mwaka wake wa kumi na moja katika maabara ndogo huko Kisian. Wanafuga bakteria ndani ya supu. Bakteria hao hutoa kimeng'enya kinacholegeza magamba ya mbuta, ili ngozi ya samaki itengenezwe viatu na mikoba bila dawa kali. Kazi ngumu ni kuwatenganisha: kimeng'enya kipite, bakteria wabaki. Hapo ndipo utando wa kuchujia unahitajika. Waya huujaribu kwanza kwa kipande kidogo kama sarafu ya shilingi kumi, na gilasi moja tu ya supu. Ukikosea kwenye gilasi, umemwaga gilasi. Ukikosea kwenye tangi la lita mia mbili, yawa!

Likizo ya Agosti niliruhusiwa kukaa pale kwenye stuli niangalie. Nilifika wiki mbaya. Mkubwa wao, Bwana Laban, alikuwa amesema kwamba mwenye utando utakaoshinda ndiye atakayeendesha tangi jipya. Walioshindana walikuwa wawili: Waya, na Ikhlas, msichana wa mjini aliyemaliza chuo kikuu mwaka jana.

Waya alilitaka tangi hilo mpaka akawa analitaja tukiombea chakula.

Ikhlas hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuudhi Waya zaidi. Aliletea watu wote mahamri. "Hata koti la maabara linamkaa kama ameshonewa," Waya aliniambia nyumbani Otonglo, akikatakata sukuma kama imemkosea. "Langu ni gunia."

Siku ya jaribio, supu ya Ikhlas ilipita kwenye utando wake kama maji ya mfereji.

"Ala! Hii inakimbia," Bwana Laban alisema, akatoka kwenda kupokea simu.

Ya Waya ilidondoka tone moja, ikatulia, tone lingine. Geji ya presha ilisoma moja, kama siku zote. Yeye ndiye aliyewafundisha wote pale: utando usimkabe kwa presha, ukimkaba anafunga mdomo.

"Mama, yako inaendeleaje?" Ikhlas aliuliza.

"Angalia yako."

Waya akatazama chupa ya Ikhlas ikijaa. Akatazama mlango. Mkono wake ukaenda kwenye kishikio cha presha: mbili. Tatu. Matone yakakimbia, naye akatabasamu kwa dakika moja hivi. Halafu yakapungua, yakakatika kabisa. Robo tatu ya supu ilikuwa bado juu, na bakteria wamegandamana kwenye utando kama ugali uliokaukia sufuriani. Akarudisha geji kwenye moja. Kwenye daftari akaandika: presha moja, umeziba.

"Wewe hujaona kitu," aliniambia.

Nilikuwa nimeona kila kitu.

Jioni walitia kipande cha ngozi ya mbuta katika kila chupa, kikalala humo. Asubuhi Bwana Laban akakwangua cha Ikhlas kwa ukucha. Gamba halikutikisika. Utando wake ulikuwa umenyonya kimeng'enya kama kitambaa kinavyonyonya mafuta. Kilichopita kwa mbio zile kilikuwa karibu maji matupu. Cha Waya alikigusa tu, magamba yakaanguka.

Waya alisimama kama bibi harusi. Lakini Bwana Laban alikuwa ameshafungua daftari.

"Utando wako uliziba kwa presha moja, Benta. Hata gilasi haikuisha. Huu hatuwezi kuupeleka kwenye tangi. Tuache zote mbili, tuagize nyingine."

Waya akamtazama Ikhlas. Akatazama tangi.

"Haikuwa moja," alisema. "Nilipandisha hadi tatu."

"Wewe? Wewe uliyetufundisha?"

"Nilikuwa naangalia chupa ya huyu mtoto. Ikanichoma roho."

Ikhlas akafunika mdomo. "Kumbe! Mimi nilidhani umekasirikia mahamri yangu."

"Hayo pia."

Jaribio likarudiwa kwa kipande kipya cha utando wa Waya, kwa presha moja, taratibu. Kufikia saa ya chakula gilasi nzima ilikuwa imepita.

"Tangi ni lako, Benta," Bwana Laban akasema. "Lakini kishikio cha presha atakishika Ikhlas."

Tangi lilipowashwa mara ya kwanza, Waya alikuwa ameweka sikio karibu na bomba, macho yake kwenye mkono wa Ikhlas.

"Punguza."

"Nimeshapunguza, Mama."

"Punguza tena."

Aliutazama mkono ule kama mtu anayemwona mke mwenza akishika mwiko jikoni mwake.