Maneno Mwezi Ukirudi

Wanaonunua albamu yetu kwenye flashi pale sokoni Mwanga hunirudia wamenuna. Wimbo wa mwisho umeharibika, wanasema. Kuna mtu anaongea humo ndani badala ya kuimba. Zamani nilikuwa nawaeleza. Siku hizi nawaambia hauna kasoro, wakitaka wausikilize, wasipotaka wauruke.

Mimi ndiye mwimbaji wa bendi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, na mdomo wangu wanaujua. Nyimbo zote nimeimba mimi isipokuwa huo. Huo ulikuwa wa mpiga besi wetu, mtoto wa Ujiji, mtu mkimya hadi anaudhi. Miaka yote hakuwahi kushika maikrofoni. Siku moja akasema anao wimbo wa kufungia albamu na atauimba mwenyewe. Tulicheka sana. Nilimwambia atafute sauti kwanza, ndipo atafute wimbo. Na yeye akacheka, lakini nia hakubadili.

Besi haikumlisha. Riziki yake ilikuwa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi na wavuvi hubaki nchi kavu. Kwa hiyo bendi yetu iliishi kwa mwezi: ukiwa mkubwa tunarekodi, ukifa tunamngoja yeye. Studio yenyewe ni chumba kimoja Katubuka, magodoro yametundikwa ukutani, na jirani ana mashine ya kusaga. Tulirekodi pale jirani alipozima mashine akale.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: mwenye wimbo anaweka kwanza sauti ya kuongozea, ovyo ovyo tu, ili wapigaji wajue pa kuingia. Kisha vyombo. Sauti yenyewe inakuja mwisho, kila kitu kikiwa tayari. Yeye katika kuongozea hakuimba hata mstari mmoja. Alipiga mluzi na kutuelekeza, basi. Nikamuuliza maneno yako wapi.

"Utayasikia, dada," akasema. "Nikiyatoa sasa utaniibia."

Vyombo vilipokamilika, mwezi ulikuwa umeshapungua. Prodyuza alimwomba abaki kidogo aweke sauti. Akakataa, tajiri wa boti alikuwa anamwita. Hatukumshikilia. Ndivyo tulivyozoea, kazi ikibaki mwezi huu, inangoja mwezi ujao.

Boti yao ilipinduliwa na dhoruba. Ziwa lilimrudisha ufukweni siku ya pili, na kabla ya Alasiri alikuwa ameshazikwa. Nilikaa ndani na wanawake, nikawasikia wanaume wakiondoka na jeneza, na nilimkasirikia. Si ziwa, yeye. Nilimwona kama mtu aliyeondoka na kitu changu mfukoni.

Arobaini ilipopita, mama yake alikuja studio mwenyewe. Tulimwamkia, akaitikia, hakutaka hata maji.

"Nasikia mna sauti ya mwanangu," akasema. "Nimekuja kuwaomba muifute. Aliye kaburini hawezi tena kutubu. Mkimwimbisha huku, dhambi inamfuata kule."

Mpiga solo akaanza ubishi, eti ni kazi ya marehemu, ni haki yake. Nilimkanyaga mguu. Kusema kweli moyoni nilikuwa upande wa mpiga solo. Sauti ile ndiyo tu iliyobaki, na mama huyu alitaka tumzike mara ya pili. Lakini nani angebishana naye? Nikamwomba asikilize mara moja, kisha akisema tufute, tutafuta akiona.

Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Prodyuza akabonyeza. Besi ikaingia, halafu mluzi, halafu mwanawe: "Solo, ingia. Taratibu jamani, mbona mnakimbia? Nisubirini." Mama akainua uso. Alisikiliza hadi mwisho, kiganja mdomoni.

"Haimbi," akasema.

"Hakuwahi kuimba, mama," nikamwambia.

"Anaongea tu. Hivi hivi ndivyo alivyokuwa akiwakaripia wadogo zake." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi iacheni. Muziki ni wenu, mtaulizwa nyinyi. Yeye anaongea."

Mpiga solo alishusha pumzi. Mimi nilikuwa nalia na sikujificha. Tulidhani yamekwisha, lakini mama akaomba arudishiwe pale mwisho, vyombo vinapokoma. Prodyuza akarudisha. Sauti ikasikika peke yake, imechoka kidogo: "Haya, inatosha. Maneno mwezi ukirudi."

"Maneno gani?" mama akauliza.

Akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwimbaji. Mwanangu alitaka kusema nini?"

Nyimbo zote za bendi yetu ninazo kichwani, hata zile mbovu. Huo sikuwa na neno lake hata moja.

"Alisema nitayasikia," nikamjibu.