Tepu Nyeusi Nyuma ya Kioo

Mimi na binamu yangu hatukuwa watu wa kupeana shikamoo. Ni mtoto wa mjomba, amenizidi miaka sita, lakini kwetu mtoto wa mjomba ni mtani, na mtani huamkiwa kwa matusi. Mimi nilimwita mwizi wa kuku, yeye aliniita mwalimu wa wajinga. Wapita njia pale kwenye gereji yake, Nyahanga, walidhani tunagombana kumbe tunapendana. Ndiyo maana gari langu halikuguswa na fundi mwingine yeyote.

Gari lenyewe kuukuu tu, la Kijapani, na nililinunua kwa ajili ya mayu. Mayu, yaani mama yangu, anaishi Nyarugusu, ana presha, na kila mwezi lazima nimpeleke kliniki Geita mjini. Njia ya kwake ni udongo mwekundu uliokatwakatwa na malori ya mawe ya dhahabu, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Muuzaji aliniambia gari hili lina akili: tairi likianza kuteleza, linapunguza nguvu lenyewe kabla dereva hajajua kuna nini. Hilo ndilo lililonifanya nilinunue.

Mwaka jana ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi, ile yenye kijigari na mistari miwili iliyopindapinda chini yake. Binamu akachomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma. Akasema ni sensa ya tairi la nyuma kushoto, kidude kinachopima mzunguko wa tairi, haitoi taarifa. Akafungua tairi, akasugua tope, akafuta kosa kwa mashine. Taa ikazima. Baada ya wiki mbili ikarudi. Akafuta tena, na safari hii haikumaliza hata siku tatu.

Nikamwendea nimefura. "Wewe mwizi wa kuku, hii taa inanichefua. Fanya unavyojua, mimi nataka izime tu."

"Mwalimu wa wajinga, niachie gari mpaka jioni. Hutaiona tena."

Na kweli sikuiona tena. Miezi minne, dashibodi safi. Nilimsifia kwa walimu wenzangu wenye magari, nikampelekea wateja wawili.

Mvua kubwa zilipoanza, nilikwenda kumchukua mayu kama kawaida. Kwenye mteremko, kabla ya daraja dogo, nyuma ya gari ikaanza kwenda pembeni. Mimi nikalisubiri gari litumie akili yake. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilisubiri. Likazunguka, likalala mtaroni kwa ubavu wa kushoto, upande aliokaa mayu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ng'wanone," yaani mwanangu, kisha akaushika mkono wake.

Wachimbaji waliokuwa wakipita walitutoa, wakalivuta gari kwa kamba. Hospitali wakasema mfupa umevunjika juu kidogo ya kiganja. Mayu alipokuwa akifungwa plasta, nililipeleka gari kwa fundi wa jirani, mzee asiyenijua wala nisiyemjua. Nikamweleza lilivyoteleza. Hakuchukua hata mashine.

"Mama, geuza ufunguo, injini usiwashe. Sasa tazama taa. Zote zinatakiwa ziwake kidogo ndipo zizime. Ya kuteleza iko wapi?"

Haikuwepo. Akachukua bisibisi, akafungua kioo cha dashibodi. Nyuma ya kile kijigari palikuwa pamebandikwa kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kimekatwa kwa mkasi, pembe nne sawasawa. Binamu yangu hajawahi kukata kitu ovyo. "Sensa bado mbovu," mzee akasema, "na bila sensa gari haliwezi kujua kwamba linateleza."

Nililia pale pale kwenye kiti cha dereva, kwa hasira. Angeniambia kwamba ameshindwa, tafuta sensa nyingine, ningemtukana vizuri kisha ningekwenda kuitafuta. Badala yake alinifumba macho. Mayu ni shangazi yake, dada wa baba yake mzazi, na alijua kila mwezi nampakia humo. Miezi minne tumetaniana, miezi minne ananitazama usoni na anajua alichokificha.

Yule mzee akafunga sensa nyingine, akafuta kosa kwa mashine, tukaendesha kwenye barabara iliyonyooka mpaka taa ikazima yenyewe.

"Usimwendee kwa ubaya," mayu akaniambia njiani, mkono umelala kifuani. "Ni mtani wako. Mtani hakasirikiwi."

Nikamwahidi kwamba sitamtukana.

Nilipofika Nyahanga, binamu aliniona kwa mbali, akapaza sauti mbele ya wateja. "Mwalimu wa wajinga! Nasikia umelala mtaroni! Mtani, si ulisema unataka taa izime? Mimi nikaizima!"

Watu wakacheka. Naye akasimama akitabasamu, anangoja zamu yangu. Nilimwekea kile kipande cha tepu kiganjani. Kisha nikakunja magoti kidogo, kama ninavyowaamkia wakubwa nisiowafahamu.

"Shikamoo, kaka."

Tabasamu likamtoka. Nikarudi garini, nikageuza ufunguo, nikazihesabu taa zote moja moja ndipo nikaondoka.