Harufu ya Seleniamu

Mama alinizuia mlangoni. "Fungua mdomo."

Marehemu baba, askari wa kambi ya Makindye, alipimwa hivyo kila mwisho wa mwezi, mama akinusa harufu ya pombe ya waragi. Lakini mimi sinywi! Nikafungua mdomo kwa hasira.

"Kitunguu saumu," akasema. "Na humu ndani wiki nzima hatujakipika."

Nilijua mara moja ni nini. Kule maabara ya chuo ninakosoma tunamwagilia haradali maji yenye seleniamu, madini ambayo yakizidi ni sumu, kisha tunasaga majani tuyapime. Seleniamu na salfa ni kama pacha, hata mmea hukosea ukaitia seleniamu badala ya salfa kwenye asidi amino zake. Protini ikijengwa kwa asidi hizo, imeharibika. Lakini iko mimea yenye kimeng'enya kijanja: huibandika asidi hiyo kipande kidogo cha kaboni, basi haiingii tena kwenye protini. Seleniamu nyingine mmea huigeuza mvuke ikatokea majanini, na mvuke huo hunuka kitunguu saumu. Mwili wa mtu nao, ukizidiwa, huitoa kwa pumzi.

Nikamweleza mama yote hayo, nikijifanya mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Banange, jamani! Kwa hiyo mwili wako unaifukuza sumu, na wewe kukicha unaifuata tena?"



Kule maabara feni ya kufyonza mvuke ilikuwa imekufa tangu muhula uliopita, nasi tulikuwa tunafungua dirisha na kumwomba Mungu. Asubuhi nilimwambia mkuu wa maabara kwamba sisagi hata jani moja mpaka itengenezwe.

"Majani yamekomaa," akasema. "Ukingoja, kazi yako yote imekwenda na maji. Nitampa mtu mwingine."

"Mpe. Lakini mwambie kwanza kwa nini mimi nimekataa."

Hakumpa mtu. Haradali yangu ikanyauka pale pale kwenye makopo, nami nikalia, tena mbele ya watu. Potelea mbali! Sikusaga.

Mwishowe fundi akaja. Feni ilipoanza kuvuma, nikachukua mbegu nikaanza upya siku ile ile. Mkuu alisimama akinitazama.

"Ungekuwa umeshamaliza," akasema.

"Haradali huota tena," nikamjibu. "Mama yangu ana mimi tu."